Ndani ya Ukope

Jumamosi, usiku

Mikono bado inanuka kondoo, na nimeinawa mara mbili. Wako watatu bandani: wawili wekundu na mmoja mweupe mwenye kichwa cheusi. Wamejibana kwenye kona iliyo mbali na mlango, wanacheua huku wakinitazama. Baba alitoka kuwaona, akauliza kama wamekunywa maji, akarudi ndani. Sikumlaumu. Shimo la yule wa mwaka jana alilichimba yeye.

Yule nilimnunua Februari, peke yake, kwa sababu pesa ilitosha mmoja na kwa sababu alikuwa mkubwa na mweupe. Dopa, nikaambiwa, na mimi nilikuwa nimesoma kwamba Dopa walitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa ajili ya nyama na wanakua haraka. Aliletwa hapa Mutuini kwenye buti ya gari. Sikumshika popote isipokuwa kichwani. Usiku ule alilia hadi alfajiri, na usiku uliofuata pia. Kondoo ni mnyama wa kundi. Ukimtenga na wenzake, hata kula kunamshinda. Nilidhani ni ugeni tu.

Mvua ya Aprili ilipokolea akaota uvimbe chini ya taya, laini kama mfuko wa maji. Nilimpa dawa ya agroveti, nikangoja. Daktari wa mifugo alipofika alikuwa ameshakufa. Alimpasua mbele yangu, akafungua tumbo la nne, na humo mlikuwa na minyoo tele, myembamba kama uzi, mingi yao na mstari mwekundu na mweupe uliosokotana kama kamba. Ule wekundu ni damu ya kondoo waliyoinyonya, akasema. Kisha akavuta ukope wa chini: mweupe kama karatasi.

"Dada, hapa ndipo pa kuangalia kabla hujatoa pesa."

Mwaka mzima banda limekaa tupu, na maneno hayo yakanikaa.

Leo nimekwenda soko la mifugo la Kiserian. Nilifanya kama alivyonifundisha: unashusha ukope wa juu kwa kidole gumba, unalisukuma jicho ndani kidogo, unavuta ukope wa chini, na unaangalia juani, si kivulini. Wa kwanza alikuwa amepauka. Wa pili pia. Dalali aliyenishikia akachoka nami, akaondoka na kondoo wake. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa ameegemea fimbo yake akaniuliza kama mimi ni daktari.

"Hapana mzee. Mmoja alinifia."

Hakusema neno. Aliniita kwa mkono, akanionyesha majike yake, akauchukua mkono wangu na kuupitisha juu ya uti wa mgongo wa mmoja ili nihisi nyama kati ya mifupa. Akamfungua mdomo: meno mawili makubwa mbele, yaani ana kama mwaka mmoja na nusu. Ukope wake ulikuwa mwekundu wa kupendeza, kama ndani ya mdomo wa mtoto.

Hawa wekundu ni wa Kimaasai, na sifa yao ni hiyo hasa, kustahimili minyoo. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, hapo Kabete tu, wamewachunguza miaka mingi kwa ajili hiyo. Wafugaji wengi wamewachanganya na Dopa ili wapate miili mikubwa, na nawaelewa, mizani ndiyo inayolipa. Lakini nadhani tunapoteza kitu. Mzee mwenyewe aliniambia wekundu halisi sasa anawatafuta mbali.

Tulishikana mkono kwa 8,500 kila mmoja, tukaenda kuchukua kibali cha kusafirisha. Anasema mmoja ana mimba. Kondoo hubeba miezi mitano, kwa hiyo hilo litajitangaza lenyewe.

Shamba limepumzika tangu yule afe. Hata hivyo sitawafungulia asubuhi na mapema: mabuu ya minyoo hupanda kwenye majani yenye umande, kwa hiyo watasubiri jua likaushe nyasi. Na chumvi ya ng'ombe iliyobaki stoo nimempa jirani, kwa sababu ina shaba nyingi, na shaba humwua kondoo polepole.

Huyu mwenye kichwa cheusi ukope wake ni waridi hafifu kuliko wa wenzake. Sikuwa nimepanga kumchukua. Ila kila nilipowavuta wale wawili alikuwa nyuma yao akilia, na mzee akasema wamekua pamoja. Nitamwangalia tena baada ya wiki mbili, juani.

Mlango wa nyuma umelia sasa hivi. Ni Baba, ana tochi na ndoo ya maji.