Jazi ya mzee na mazagazaga yote

Wiki iliyopita nimepata imeili ya semina kazini, imeandikwa Kiingereza, inasema tuje na kitambulisho, laptop, chaja "and all that jazz". Mimi akilini nikaona tarumbeta. Kweli tena, nilikaa nikijiuliza kuna bendi itatumbuiza au vipi, hadi jirani yangu wa mezani akacheka akaniambia we nawe, maana yake njoo na hivo vitu na mazagazaga mengine yote, kalamu, daftari, sijui nini.

Sasa ndo nikaanza kulifuatilia hili neno, maana mimi nimekua nalo na nilidhani nalijua. Nyumbani jazi ni kaseti za mzee. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, NUTA Jazz. Ukimtajia mzee jazi anasikia gitaa la solo likitekenya juu, rithimu na besi chini yake, waimbaji wanasimulia kisa cha mtu kaachwa au kakopwa hajalipwa, halafu wimbo unaingia kwenye chemko na hapo hata aliyekuja kunywa soda tu anainuka.

Nilipofika kidato cha tano nikajifanya mjuaji. Nikamwambia baba, hiyo siyo jazz, hiyo ni rumba, jazz yenyewe ni ya Marekani, nikamuwekea John Coltrane, mpiga saksafoni wa huko. Mzee akasikiliza kwa heshima zote, mkono shavuni, macho kafumba, kama dakika nne hivi. Afu akasema, "Haya, wakishamaliza kujaribu vyombo niite."

Nilicheka lakini moyoni nikaona mzee hajui kitu. Leo nakiri aliyekuwa hajui ni mimi.

Maana ukifuatilia, hilo neno hata huko Marekani halikuanzia kwenye muziki, lilikuwa la mtaani tu. Mwaka 1912 gazeti moja la Los Angeles lilimnukuu mrushaji mmoja wa besiboli akisema ana mpira wake anauita jazz, yaani unayumbayumba mpigaji hawezi kuufanya chochote. Mwaka uliofuata waandishi wa michezo wa San Francisco wakawa wanalitumia kwa maana ya nguvu, uchangamfu, ile hali ya mtu kuwa na moto. Ilipofika 1915 huko Chicago ndo likawa limeshaganda kwenye muziki, na 1917 ikatoka santuri inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya jazz, ya Original Dixieland Jass Band, wakati huo wengine wakiliandika kwa s mbili. Na hao walikuwa wazungu watupu, muziki wenyewe ukiwa umepikwa na weusi wa New Orleans, ila hilo tuliache maana nitakasirika bure.

Kwa hiyo lilianza kama slengi, likawa muziki, afu likarudi tena kuwa slengi. Mwingereza akikwambia acha hiyo jazz anamaanisha acha porojo, akisema tuijazz hii sherehe anataka inoge. Nigeria ndo balaa, kule jazz ni uchawi, ukiambiwa fulani ana jazz usiende kutafuta piano lake.

Huku kwetu neno lilifika likapewa kazi nyingine. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, na toka hapo jazz ikawa maana yake bendi ya kisasa ya dansi, yenye magitaa na matarumbeta, tofauti na ngoma na tofauti na taarabu. Wakongo nao hivohivo, Kabasele na African Jazz yake, Franco na OK Jazz mwaka 1956, hiyo OK yenyewe imetoka kwenye jina la baa waliyokuwa wanapiga. Wote hao walikuwa wanapiga rumba walizozisikia kwenye santuri za Kuba, wakazigeuza zikawa za kwao. Hakuna aliyeomba ruhusa New Orleans na sioni kwa nini angeomba, neno lilikuwa la uchangamfu na wao walikuwa na huo uchangamfu wa kutosha kujaza ukumbi hadi asubuhi. Hata Kiswahili chetu tuna jazba, halina undugu wowote na jazz, limetoka Kiarabu, lakini mtu aliyepandwa na jazba si ndo huyohuyo mwenye moto?

NUTA Jazz ndo inanifurahisha zaidi. Ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, chama kikabadilika bendi ikawa JUWATA Jazz, kikabadilika tena ikawa OTTU Jazz, jina la mbele linakuja na kuondoka, jazz imekaa palepale. Siku hizi watu wanaiita Msondo Ngoma, mwisho wa safari yote jazz ndo imeondoka ngoma imebaki.

Jumapili nikampigia mzee nikamueleza yote haya, ya besiboli, ya Chicago, ya Nigeria. Akaguna. "Kumbe na wao waliliokota tu." Nikamwambia ndiyo baba. Kimya kidogo, afu akauliza ile flashi yake nimeshamuwekea nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro Jazz, au bado.

Bado.