Siku Moja na Urchini: Kuhesabu, Kupima na Kuondoa kwenye Mwamba wa Kisiwa

Saa 10:30 alfajiri

Kazi ya urchini, yule mnyama wa duara mwenye miiba anayechoma miguu ya watu baharini, huanza giza likiwa totoro. Jamii yenye miiba mirefu myeusi, Diadema, hushinda mchana imejibanza kwenye mianya ya mwamba na kutoka usiku kula. Ukiwahesabu adhuhuri utawapata wachache, na ripoti itasema mwamba ni mzima, kumbe umeshaliwa.

Vifaa: mitungi ya hewa iliyojazwa hadi shinikizo la bar 200, tochi mbili kwa kila mzamiaji, utepe wa mita 25, fimbo ya plastiki ya mita 1, kibao cha kuandikia majini na penseli iliyofungwa kamba. Glavu tunavaa, lakini mwiba wa Diadema hupenya glavu na suti ya mpira vilevile. Kinga ya kweli ni kujua kuelea bila kugusa chini.

Tunafuata siku za bamvua, kwa kuwa hapa maji hujaa na kutulia alfajiri, tukapata kuzamia, kisha hupwa sana kabla ya adhuhuri, tukapata kutembea juu ya mwamba.

Saa 11:00 alfajiri

Utepe unalazwa sambamba na ufuo, kina kisibadilike. Wazamiaji wawili, kila mmoja upande wake, wanasogeza fimbo pembeni mwa utepe na kuhesabu kila urchini ambaye katikati ya gamba lake imeingia ndani ya mita ile moja. Miiba iliyochungulia haihesabiki. Mita 25 mara 2 ni mita za mraba 50, na kila eneo lina mistari mitano isiyogusana.

Urchini hukaa kwa makundi. Mstari mmoja unaweza kutoa 400 na wa jirani yake 20, kwa hiyo kila mstari unaandikwa kivyake, maana wastani peke yake huficha kundi lililokwisha kutafuna sehemu moja mpaka ikabaki nyeupe. Wachanga walio chini ya sentimita 2 hujificha chini ya mawe na kwenye matawi ya matumbawe mafu. Hao tunawatafuta kwa fremu yenye pande za nusu mita, jiwe kwa jiwe, na kila jiwe linarudishwa lilivyokuwa, kwa sababu wanaoishi upande wake wa chini hawadumu wakigeuziwa juu.

Saa 1:00 asubuhi

Vipimo. Tunachukua 50 wa kwanza bila kuchagua, kwani mkono wa mtu hukimbilia wakubwa. Kalipa, kifaa cha kupimia upana, inaingizwa katikati ya miiba mpaka ikamate gamba lenyewe.

Watu wengi wakiulizia urchini huuliza idadi tu. Saizi ina maneno zaidi. Wadogo wengi wa saizi moja ni kizazi kipya kilichotua pamoja. Wakubwa peke yao ni wazee, na huenda idadi ikashuka yenyewe. Hali inayotutia wasiwasi ni msongamano mkubwa wa wanyama waliodumaa. Urchini mwenye njaa hafi upesi. Huacha kukua, hata mwili ukasinyaa, lakini taya zake zenye meno matano huwa kubwa ukilinganisha na gamba. Ukimpasua ukakuta taya pana ndani ya gamba dogo, chakula kilikwisha zamani, naye bado anakwangua kila chipukizi la mwani na kila tumbawe changa.

Saa 2:30 asubuhi

Zamu ya samaki. Tim McClanahan na Nyawira Muthiga, waliochunguza miamba ya Kenya kwa miaka mingi, walionyesha kwamba ndani ya hifadhi za bahari urchini ni wachache na nje, panapovuliwa sana, wamejaa. Mlaji mkuu ni kikande mwenye mistari ya rangi ya machungwa, Balistapus undulatus. Huyu huingia kwenye mtego na ndoana kwa urahisi, naye hulinda eneo lake. Akiondolewa, pengo lake halizibwi haraka. Kisiwani hali ni nzito zaidi, kwa kuwa mwamba ni ukanda mwembamba na wavuvi wote wanautegemea huohuo.

Kuwaona kikande hakutoshi, ni lazima kujua kama wanakula. Sindano nyembamba hupitishwa ndani ya mwili wa urchini ikivuta mshipi wa nailoni, na mshipi hufungwa kwenye msumari uliopigwa kwenye mwamba mfu. Kabla ya hapo hukaa siku nzima ndani ya kizimba, ili anayekufa kwa jeraha la sindano asihesabiwe kuwa ameliwa. Kesho yake tunasoma mabaki. Gamba lililovunjwa vipande ni kazi ya samaki. Gamba zima lenye tundu dogo la mviringo ni konokono. Gamba zima lisilo tundu, miiba ikiwa bado imeshika, mara nyingi ni kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota. Wote wakikutwa hai siku kadhaa mfululizo, mwamba huo hauna walinzi.

Saa 4:30 asubuhi

Maji yamekupwa. Juu ya mwamba yupo Echinometra mathaei, mdogo mwenye miiba mifupi na minene, kila mmoja ndani ya shimo alilolichimba kwa meno na miiba. Anapokula mwani anakwangua na chokaa. Wakizidi, mwamba unapotea kwa kasi kuliko matumbawe yanavyojenga, na mwamba huo ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Tunahesabu kwa fremu ya mita 1 ya mraba, tukiandika mashimo yenye mnyama na mashimo matupu.

Kwenye nyasi bahari tunamtafuta Tripneustes gratilla, anayejifunika majani na makombe. Ukiona mashina ya nyasi yamebaki visiki, pima upana wa uwazi ule. Nyasi zenye mashina magumu hujaza uwazi polepole sana, hata urchini wakishaondoka. Mnyama huyuhuyu hufugwa Hawaii na kuachiwa kwenye ghuba ya Kāneʻohe ale mwani vamizi, kwa hiyo asichukuliwe kuwa adui wa kila mahali.

Saa 8:00 mchana

Kuondoa. Kulabu fupi ya chuma, koleo refu, kreti ya matundu iliyofungwa boya. Hatuwapondi majini: samaki hukusanyika kula mizoga na kuharibu hesabu yao ya siku zinazofuata.

Hatumalizi wote. Mwaka 1983 ugonjwa ulioanzia upande wa Panama uliua zaidi ya asilimia 90 ya Diadema antillarum wa Karibi, na pale ambapo samaki wanaokula mwani walikwisha kuvuliwa, kama Jamaika, mwani uliyafunika matumbawe. Kwa hiyo kabla ya kreti ya kwanza tunataka kuona pono na kangaja, samaki wa aina hiyo, wa kutosha. Wasipokuwepo, kuondoa urchini ni kubadilisha tatizo moja kwa jingine, nasi tunasimamisha kazi.

Kuna na upande wa pili. Kwenye misitu ya mwani mkubwa, kama ya visiwa vya Aleuti walikopungua fisi maji wa baharini wanaokula urchini, au Tasmania alikoingia urchini aitwaye Centrostephanus kwa mkondo wenye joto, idadi inayotosha kuuzuia msitu usirudi ni ndogo mno kuliko ile iliyouangusha. Kupunguza nusu hapo ni jasho la bure.

Aliyechomwa anapandishwa juu: maji ya moto anayoyastahimili, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mwiba uliozama karibu na kiungo ni wa daktari, usichokolewe.

Saa 10:00 jioni

Ishirini kutoka kwenye kreti wanapasuliwa. Mkasi huzungushwa kiunoni mwa gamba, tezi tano za uzazi hukaushwa kwa karatasi na kupimwa. Mnyama wa gramu 120 mwenye tezi za gramu 6 ana asilimia 5. Takwimu hii hulinganishwa na ya wanyama wa siku ileile ya mwezi, kwani wakishazaa tezi hunywea hata kwa walioshiba.

Saa 12:30 jioni

Vibao vinapigwa picha kabla ya kuoshwa. Namba zinaingizwa na mtu mmoja, mwingine anazisoma kwa sauti. Kisha maeneo yanapangwa: lenye kikande na pono linaondolewa urchini, lisilo nao linapelekwa kwanza kwa kamati ya wavuvi kuomba mitego ipumzishwe, la tatu, linalofanana na la kwanza, haliguswi kabisa, ili mwakani tujue kama mabadiliko yametokana na kreti zetu au na msimu.