Jinsi Viberiti na Visoda Vilivyoniokoa Katika Somo la Milinganyo

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Hisabati darasa la saba, katika shule moja ya msingi mkoani Morogoro, mwalimu aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi alinipa ushauri ambao nikiukumbuka hadi leo naudhika. Aliniambia, "Mwanangu, milinganyo isikusumbue. Waimbishe tu kwamba namba ikivuka daraja hubadilisha alama." Daraja lenyewe ni alama ya sawasawa. Niliwaimbisha wiki nzima, na katika x + 5 = 12 karibu kila mtoto akapata 7, nami nikajiona bingwa.

Ijumaa nikaandika ubaoni 3x = 12. Katika madaftari hamsini na kitu niliyosahihisha usiku ule, zaidi ya nusu yalikuwa na x = 9, kwa sababu watoto waliivusha 3, wakaibadilisha alama, wakaandika 12 − 3. Nilipowauliza sababu, waliniimbia wimbo wangu mwenyewe. Nilipoandika 7 = x + 3, mwanafunzi mmoja akasimama na kunieleza kwa heshima zote kwamba nilikuwa nimeanza na jibu. Kwao alama ya sawasawa ilimaanisha "sasa andika jibu", na hakuna aliyeisoma kama tamko kwamba pande mbili zina thamani moja.

Nikaachana na daraja, nikaamua kutengeneza mizani. Rula ya mbao ya mita 1 niliitoboa katikati, nikaining'iniza kwa kamba, na kila ncha nikafunga kifuniko cha kopo la rangi. Visoda, yaani vifuniko vya chupa, niliviokota bure nje ya baa ya jirani, jambo lililozua maneno kidogo mtaani kuhusu mwalimu na mienendo yake. Viberiti nilinunua paketi moja, kwa elfu moja na kitu kama sikosei, na njiti zote nikazimwaga kwenye kopo nyumbani, ambamo zililoa wakati wa masika. Mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Mpango ulikuwa kwamba kiberiti ni x, na ndani ya kila kimoja nimeficha visoda 4. Kushoto niliweka viberiti 3 na visoda 2, kulia visoda 14, yaani 3x + 2 = 14. Nikaiachia rula mbele ya darasa zima, nayo ikalalia kushoto. Nilisogeza kamba, nikafunga dirisha, nikalaumu upepo, lakini rula haikubadili msimamo. Ndipo binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye huongea kwa nadra, aliponyoosha mkono: "Samahani mwalimu, kwani boksi lenyewe halina uzito?" Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao kwa kukosa la kufanya. Kesho yake nikaja na dawa, nikaweka maboksi matupu 3 upande wa kulia, na rula ikatulia kama maji mtungini.

Baada ya hapo walinifundisha wao. Nilipoondoa visoda 2 vya kushoto na rula ikainama, walipiga kelele niondoe 2 na kulia pia, ingawa hakuna aliyekuwa amewaambia. Viberiti 3 vikabaki vikilingana na visoda 12, tukagawa kila upande mafungu 3, na yule binti akafungua kiberiti kimoja na kuhesabu kwa sauti hadi 4. Kuhakiki jibu nako kukaeleweka papo hapo, maana kuweka 4 mahali pa x ndiko kufungua kiberiti.

Wengine waliuliza kwa nini tusigawanye kwanza. Niliwapeleka kwenye mlango wa stoo, ambao hufungwa kwa komeo na kisha kufuli, lakini anayeufungua huanza na kufuli. X nayo ilizidishwa kwa 3 kabla ya kuongezewa 2, kwa hiyo tunaanza kuiondoa ile 2. Anayependa kuanza kugawanya hajakosea, mradi ile 2 nayo aigawanye kwa 3, jambo ambalo wengi hulisahau.

Mizani ilishindwa mahali pamoja tu, kwenye x − 5 = 8, kwa kuwa hakuna kisoda cha hasi. Hapo nilitumia deni la dukani: ulikuwa na fedha, ukalipa deni la 5, ukabaki na 8.

Mlinganyo wenye x pande zote mbili, kama 5x + 1 = 2x + 10, unakaa vizuri sana kwenye rula hiyo. Unahitaji viberiti 5 kushoto, 2 kulia, na maboksi matupu 3 ya kusawazisha huko kulia, kwa hiyo paketi moja ya viberiti 10 inatosha barabara. Visoda vya kuficha ndani ya kila kiberiti ni 3.