Magazeti yalishamhukumu kabla hajakamatwa

Jamani siku hizi usiku silali, nimezama kwenye zile kesi za mauaji ya Whitechapel, London, 1888, na aliyenikaa kichwani wala si muuaji mwenyewe, Jack the Ripper, ambaye hakujulikana ni nani, ni fundi viatu mmoja Myahudi, John Pizer. Yaani Mary Ann Nichols kauawa 31 Agosti, wanawake wa mtaani wakasema kuna jamaa anawanyanyasa anaitwa Aproni ya Ngozi, gazeti la The Star likadaka likaipamba weee, mara macho ya kutisha, mara anatembea kimyakimya, mtu mwenyewe hata hawajamuona! 8 Septemba kauawa Annie Chapman, uani ikakutwa aproni ya ngozi, basi Wayahudi wakawa wanatukanwa barabarani, kumbe aproni ni ya mtoto wa mama mmoja anayeishi humohumo 🤦🏾

Pizer, ambaye ndiye aliyedhaniwa kuwa Aproni ya Ngozi, kajificha kwa ndugu zake anaogopa watu watamuua, sajenti wa polisi William Thick akamfuata tarehe 10 akamkamata. Hapo nilisoma roho mkononi. Sasa kilichomuokoa ndo kilinichekesha, usiku wa Nichols alikuwa Holloway Road, kaona moto wa bandarini kwa mbali akapiga stori na polisi kuhusu huo moto, shahidi ni polisi mwenyewe!

Wakamwachia, akasafishwa mbele ya korona (ofisa anayechunguza vifo vya utata). Halafu wiki chache tu ikaja ile barua ya mtu anayejidai ndiye muuaji, yenye sahihi ya Jack the Ripper, polisi wakaibandika kwenye mabango mji mzima. Mi naona iliandikwa na mwandishi wa habari, bishaneni.