Viazi vya mbegu, wiki ya 11: shina moja lilininyima usingizi

Haya nimerudi. Mara ya mwisho mkaguzi wa mbegu alishapita shambani raundi ya kwanza, akakuta mashina matatu majani yamejikunja kwenda juu, virusi hivyo, vinasambazwa na vidukari, akaniambia niyang'oe pamoja na viazi vyake vya chini nikatupe mbali. Virusi vina kiwango kinachovumilika, ila mnyauko wa bakteria hakuna cha msalie mtume, likionekana shina moja tu loti nzima, yaani mzigo wote wa mbegu unaokaguliwa pamoja, haipiti.

Sasa juzi asubuhi nakuta shina limelala, majani bado kijani kabisa. Nikaishiwa nguvu. Nikakimbilia kile kipimo cha glasi, unakata kipande cha shina karibu na udongo unakining'iniza kwenye maji safi bila kutikisa, kama ni bakteria dakika chache tu unaona nyuzi kama maziwa zinashuka. Nimekodoa macho karibu nusu saa, hamna kitu. Kurudi kufukua pale nakuta sota, yule kiwavi mkata mashina, kajikunja zake, kumbe ndo kakata shina! Sijawahi kufurahi kuona mdudu vile.

Ila glasi isikupe kiburi, bakteria anaweza kukaa ndani ya kiazi bila dalili yoyote hasa sehemu za baridi, ndo maana nikishavuna sampuli lazima iende maabara.

Leo mkaguzi kaja raundi ya pili. Magonjwa nimepita. Nilipoumia ni kwenye ramani, nilipanda aina mbili zikagusana na mchoro wangu hauoneshi ya kwanza inaishia wapi, basi mistari miwili ya mpakani kaiondoa yote kwenye mbegu, naivuna kama viazi vya kula. Nilitaka kubisha lakini kiazi kikishaingia guniani nani atajua ni aina gani?

Wiki ijayo naua majani, nasubiri kama wiki 2 ngozi ikaze, halafu navuna. Magunia mapya tu, yale ya zamani yanabeba udongo wa watu na minyoo yake, na kila loti na namba yake.

Na kuna mteja wa nje ya nchi kashaanza kuulizia bei. Huko lebo ya mbegu peke yake haitoshi, anahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya nchi mzigo unakotoka na kiendane na masharti ya kwao, kwa hiyo nimemwambia atume kwanza kibali chake cha kuingiza, bei tutaongea baadaye.