Geuza Kadi Upande wa Pili

Ukiletewa kadi ya posta yenye Maporomoko ya Ripon, yale ya Jinja, Uganda, yaliyofunikwa na maji bwawa la Owen Falls lilipojengwa mwaka 1954, igeuze kwanza ujue umri wake. Picha huchapwa tena na tena kwa miaka mingi. Mwandiko ni mmoja tu.

Anza na stempu. Yenye majina ya Kenya na Uganda pekee ilitolewa kati ya 1922 na 1935. Ikiwa na Tanganyika pia, ni ya 1935 au baadaye. Kisha tazama kama kuna mstari wa kugawa anwani na ujumbe. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902. Kabla yake upande huo ulikuwa wa anwani tu, na salamu zilibanwa kando ya picha. Wapo wanaodhani ni uchafu wakazifuta! Na kalamu isikupite: bolpeni ilianza kuuzwa miaka ya 1940, kwa hiyo "kadi ya 1925" yenye maandishi ya bolpeni imeandikwa baadaye, hata kama muuzaji ataapa.

Muhuri wa posta ukififia, usiukoleze kwa penseli. Zima taa, laza tochi ya simu mezani ili mwanga uikwaruze kadi kwa mshazari. Mikandamizo ya muhuri na ya kalamu itatupa vivuli.

Kinachoziua kadi nyingi ni huruma ya mwenyewe. Kuzilaminisha, yaani kuzifungia ndani ya plastiki, ni kuzizika: gundi ile ya moto haitoki tena. Albamu za kurasa zenye kunata nazo huacha njano, na kuloweka kadi ili ibanduke huyeyusha wino wa kalamu ya kuchovya. Ikigoma kubanduka, kata ukurasa kuizunguka, uiache ilivyo. Tumia bahasha ya karatasi isiyo na asidi, sanduku lisiguse sakafu wala ukuta; huku kando ya Ziwa Viktoria unyevu huleta ukungu, na mchwa hawabishi hodi.

Skani pande zote mbili, nukta 600 kwa inchi, halafu nakili maneno kama yalivyo. Tahajia sanifu ya Kiganda ilikubaliwa 1947, kwa hiyo kadi za kabla ya hapo zitakushangaza kwa herufi zake. Usisahihishe. Neno lisilosomeka liwekee mabano na alama ya kuuliza, na tarehe uliyokisia iandike kwa penseli kwenye bahasha, si kwenye kadi.