Waacheni Washuke Kwanza

Mwaka 2012 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Dar es Salaam, nikiishi Kigamboni. Mwalimu alitupa kazi: bati la chuma limechemshwa upande mmoja, tuonyeshe joto linavyosambaa. Tuligawe bati vijisanduku 1,000 kwa 1,000, na katika kila hatua joto jipya la kijisanduku liwe wastani wa majirani zake wanne. Kompyuta za maabara zilikuwa na viini vinne (cores), kila kimoja kikiweza kufanya kazi yake kwa wakati mmoja na vingine, basi nikaunda nyuzi nne (threads), yaani mikondo minne ya kazi ndani ya programu moja, kila uzi na safu zake 250.

Sharti lilikuwa moja. Uzi usianze hatua inayofuata kabla wenzake hawajamaliza hii, la sivyo utasoma joto lililochanganyika, la sasa na la zamani. Hapo ndipo kinapohitajika kizuizi: anayewahi anangoja, wa mwisho akifika wote wanaachiwa. Mfumo wa Linux unacho tayari, kinaitwa pthread_barrier_wait, lakini tulikatazwa kukigusa. Tukiunde wenyewe kwa kihesabu, na kufuli la kuhakikisha uzi mmoja tu unakigusa kwa wakati.

Changu kilikuwa mistari michache tu. Uzi ukifika unaongeza kihesabu. Ukikuta kimetimia nne, unakirudisha sifuri na kuziamsha nyingine. Kama hakijatimia, unalala mpaka kiwe sifuri.

Programu ikawa inaganda. Mara hatua ya mia nne na kitu, mara karibu na mwisho, mara inamaliza hatua zote 10,000 salama. Nikiweka amri ya kuchapisha ili nione kinachoendelea, hitilafu inatoweka, nikiiondoa, inarudi. Hakuna kosa linalochosha moyo kama hilo linalojificha ukilitazama. Siku ya tatu niliikuta imeganda, nikaichungulia kwa gdb, chombo cha kutazama ndani ya programu inayoendelea. Nyuzi zote nne zimelala. Tatu ziko hatua ya 412, moja bado iko 411. Hiyo moja ilikwisha kuamshwa. Imelalaje tena?

Jioni nikaenda Feri kupanda pantoni. Watu walikuwa wengi, na mlango uliposhushwa tu tukaanza kusukumana kuingia huku waliotoka ng'ambo wangali ndani na baiskeli na matenga yao. Hakuna aliyepita, wa kuingia wala wa kutoka. Mlinzi wa geti akapaza sauti: "Jamani, waacheni washuke kwanza!"

Nilisimama palepale, watu wakanipita.

Uzi mwepesi ulikuwa unatoka kizuizini, unamaliza safu zake na kurudi kabla mwenzake mzito hajainuka usingizini. Kihesabu kinakuwa moja. Ule mzito unaamka, unakuta si sifuri, unadhani haujaachiwa, unalala tena. Wenzake watatu wanaungoja; wenyewe unangoja sifuri, na sifuri haiji mpaka wenyewe ufike.

Ndani ya pantoni nikatoa daftari. Niliongeza kihesabu cha pili, cha wanaotoka: anayerudi mapema angoje nje mpaka wote wanne wawe wametoka. Baadaye nilijifunza njia nyepesi zaidi, ya kuipa kila zamu namba na kungoja namba ibadilike, lakini usiku ule niliandika kama nilivyoona getini.

Asubuhi niliendesha programu mara 50 mfululizo. Haikuganda hata mara moja. Kisha nikalinganisha majibu na yale ya programu ya uzi mmoja kwa amri ya diff, inayochapisha tofauti tu kati ya mafaili mawili. Haikuchapisha kitu: namba milioni moja, zote sawa hadi tarakimu ya mwisho.